Freepsum si mahali pa chini kuliko pote Ujerumani
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba kijiji cha Freepsum, Frisia Mashariki, eneo la pwani kaskazini-magharibi mwa nchi, ndicho kilicho chini kuliko vyote Ujerumani. Kilicho chini hasa ni bonde la jirani, ziwa la zamani lililokaushwa, ambalo liko zaidi ya mita 2 chini ya usawa wa bahari. Hata hivyo, Neuendorf-Sachsenbande, huko katika jimbo la Schleswig-Holstein, hufikia mita 3.54 chini ya usawa huo. Kijiji cha Freepsum chenyewe, na hili husahaulika kwa urahisi mno, kimekaa juu ya kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono, kwa sababu watu wa pwani ile waliishi na mafuriko karne nyingi kabla ya kuanza kujenga matuta ya kuzuia bahari, takriban mwaka 1000.