Kamera kwenye oparesheni ya polisi: kipi kizuiwe, na kwa muda gani

Novemba 2008, hoteli za Mumbai nchini India ziliposhambuliwa, waliowatuma washambuliaji walikuwa Pakistan wakifuatilia televisheni na kuwaelekeza kwa simu. Makomando waliposhushwa kwa helikopta juu ya Nariman House, kituo cha Wayahudi kilichovamiwa pia, picha zilikuwa hewani papo hapo. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kumzuia mwanahabari, na ni ya kweli.

Lakini tazama inahusu nini hasa. Yanayohatarisha maisha wakati wa oparesheni ni mambo machache: askari wamejipanga wapi na ni wangapi, wataingilia mlango upi, raia wamejificha chumba gani. Siri hiyo ina umri mfupi. Oparesheni ikiisha, nayo imekwisha, na idadi ya waliouawa, nani alifyatua risasi na kwa amri ya nani ni habari ambazo umma una haki kuzijua.

Kenya ilivuka mpaka huo mwaka 2014. Sheria ya marekebisho ya usalama ilifanya kuwa kosa kutangaza, bila idhini ya polisi, habari yoyote inayodhoofisha uchunguzi au oparesheni dhidi ya ugaidi. Adhabu ilikuwa hadi kifungo cha miaka 3, faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho kwa kukiuka ibara za 33 na 34 za Katiba, zinazolinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Ubovu wake unaonekana ukikisoma: anayeamua kipi “kinadhoofisha” ni yuleyule anayeripotiwa. Ibara ya 24 inaruhusu haki kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na pale tu ambapo hakuna njia nyepesi zaidi. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo.

Ukiwa uwanjani, kaa nje ya utepe wa polisi. Kuwa mwanahabari hakukupi ruhusa ya kuuvuka. Rekodi kila kitu, lakini kinachoonyesha mwendo wa askari kishikilie hadi eneo lidhibitiwe. Zima huduma ya mahali (location) kwenye simu kabla ya kupiga picha. Usimpigie mtu aliyejificha ndani: mlio mmoja wa simu unaweza kumfichua, na hapo hakuna habari inayolingana na uhai wake.

Ukiamriwa ufute picha, uliza kwa utulivu ni sheria ipi inayotumika, na ukumbuke jina au namba ya askari. Usishindane na mwenye bunduki. Zikifutwa, itoe kadi ya kumbukumbu mara moja na usirekodi tena juu yake, kwani faili iliyofutwa mara nyingi hurudishwa na fundi mradi nafasi yake haijaandikwa kitu kingine. Kisha peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, na Baraza la Vyombo vya Habari, ukitaja saa, mahali na mashahidi.