Safari za wanyama kwenye ramani inayosogea: anza na muda, kuchora baadaye

Nukta ikiteleza vizuri kwenye ramani, mtazamaji huamini ameiona njia yote aliyopita mnyama. Lakini kola, yaani kifaa cha kufuatilia kinachofungwa shingoni mwa mnyama, hairekodi njia. Inarekodi mahali alipokuwa mnyama kwa nyakati fulani, pengine mara moja kila saa, na yanayotokea katikati ni makisio ya kompyuta. Kwa hiyo kazi kubwa ya msimbo ni kusafisha data na kupanga muda. Kuchora kwenyewe ni mistari michache tu.

Katika faili la CSV (jedwali la maandishi) la Movebank, hifadhi ya mtandaoni ya data za safari za wanyama, utahitaji safu wima nne: timestamp, location-long, location-lat na individual-local-identifier. Lisome kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali, badili muda kwa to_datetime ukiweka utc=True, kisha panga data kwa mnyama, halafu kwa muda. Usipowatenganisha wanyama, nukta ya mwisho ya mmoja itaungwa na ya kwanza ya mwingine.

Futa nukta zenye latitudo 0 na longitudo 0, ambazo huangukia Ghuba ya Guinea. Kisha kokotoa mwendo kati ya kila nukta na inayoifuata. Tembo hakimbii kilomita 60 kwa saa. Nukta inayodai hivyo ni kosa la kifaa, na mara nyingi utaiona imeruka mbali peke yake, kisha inayofuata imerudi palepale. Data za Argos, mfumo wa setilaiti unaokadiria mahali na kuipa kila nukta daraja la usahihi, zichuje kwa ukali zaidi: kosa la daraja la 3 ni chini ya mita 250, ilhali la daraja la 0 huzidi mita 1,500.

Mapengo ndiyo yanayopotosha zaidi. Kola ikinyamaza siku mbili, kompyuta itamvusha mnyama ziwani au mlimani kwa mstari ulionyooka. Wengi huweka limit=3 kwenye interpolate, amri ya pandas ya kujaza mapengo kwa makisio, wakidhani pengo refu litaachwa wazi. Sivyo: pandas hujaza nafasi tatu za mwanzo za pengo hilo, kisha ndipo huacha. Pima kwanza urefu wa kila pengo, na lililozidi kiwango chako usilijaze hata kidogo. Nukta na ipotee kwenye ramani mpaka kola iseme tena.

Ndege wavukao Pasifiki wana tatizo lao. Mwaka 2022, ndege mmoja wa pwani aina ya Limosa lapponica aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Kwenye longitudo 180 namba hugeuka kutoka hasi kwenda chanya, na mstari wake hukata dunia nzima upande usio wake. Ongeza 360 kwa kila longitudo hasi.

Nukta za kila saa kwa siku 30 ni fremu 720. Kwa fremu 24 kwa sekunde, ni video ya sekunde 30.

Ukitumia Leaflet, maktaba ya JavaScript ya kuchora ramani kwenye kivinjari, kumbuka kwamba GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, hutanguliza longitudo, ilhali L.marker, amri ya Leaflet ya kuweka alama, hutaka latitudo kwanza. Na kwa wanyama wanaowindwa kijangili, usichapishe nukta za karibuni, na zile za zamani zipunguzie desimali: desimali moja huficha mahali kwa takriban kilomita 11 kwenye ikweta. Fanya hivyo ndani ya faili lenyewe kabla ya kulipandisha, kwa kuwa data inayochorwa na kivinjari inaweza kupakuliwa na yeyote anayefungua ukurasa.