Kwa nini babu alicheza filamu nyingi na jina lake halimo hata katika moja?

Je, wajua kwamba mtu angeweza kuanguka na farasi kwenye filamu kadhaa za Hollywood na jina lake lisiandikwe hata katika moja? Ndivyo ilivyokuwa kwa wapanda farasi wa rodeo (mashindano ya Marekani ya kupanda farasi wakali na kukamata ng'ombe) waliogeuka mbadala wa nyota, yaani wale wanaofanya matukio ya hatari kwa niaba ya mwigizaji mkuu. Orodha za majina zilikuwa fupi, na studio zilipenda watazamaji waamini kwamba nyota mwenyewe ndiye aliyeruka. Kwa hiyo familia nyingi Marekani zimebaki na picha, bizimu la mkanda na masimulizi. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini hukosea mahali palepale kila mara.

Kosa la kwanza ni ubingwa. Kabla ya mwaka 1929, chama cha rodeo cha Rodeo Association of America kilipoanza kujumlisha pointi za msimu mzima, hakukuwa na daftari moja la mabingwa. Rodeo yoyote kubwa iliweza kumtawaza mshindi wake kuwa bingwa wa dunia, na hakuna aliyedanganya. Ukisikia babu alikuwa bingwa, uliza: wapi, mwaka gani, na katika mchezo upi? Kupanda farasi mkali kwa tandiko ni mchezo mmoja, kumwangusha ng'ombe kwa pembe ni mwingine. Kisha uliza siku. Aliyeongoza Alhamisi alilipwa zawadi ya siku hiyo, na bado aliweza kushindwa fainali Jumamosi. Familia huhifadhi gazeti la Ijumaa lenye jina lake juu. La Jumapili halimo kwenye albamu. Lisome na hilo.

Halafu kuna majina. Yakima Canutt, aliyetwaa ubingwa wa jumla wa rodeo ya Pendleton Round-Up, Oregon, zaidi ya mara moja kabla ya kuhamia filamu, alizaliwa mwaka 1895 karibu na Colfax, jimbo la Washington, akaitwa Enos. Hakuwa mtu wa mji wa Yakima. Gazeti lilimwita hivyo chini ya picha ya Pendleton mwaka 1914, na jina likamganda. Tafuta basi kwa jina la kuzaliwa, la utani, na kwa kila namna mwandishi wa gazeti angeweza kulikosea.

Kwenye filamu, kumbukumbu hukosea zaidi mahali. Katika Stagecoach ya mwaka 1939, Canutt ni yule mpiganaji wa Kiapache (kabila la wenyeji wa Amerika) anayerukia farasi wa mbele wanaovuta gari la abiria linalokimbia. Anapigwa risasi, anaanguka katikati ya farasi, anaburutwa akiwa ameshikilia boriti inayowaunganisha na gari, kisha anaachia na gari zima linapita juu yake. Katika filamu hiyohiyo alikuwa pia mbadala wa nyota John Wayne. Mtazamaji ataapa kwamba yote yalitokea Monument Valley, bonde lililo mpakani mwa Utah na Arizona, kwa sababu miamba yake ndiyo inayokaa kichwani. Lakini mbio zile zilipigwa kwenye ziwa kavu la Lucerne, California, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Karatasi ya kutegemea hapa ni taarifa ya kila siku ya upigaji filamu. Inaonyesha nani alifika, saa ngapi, onyesho lipi lilipigwa na wapi, na nani aliumia. Mbadala hulipwa ujira wa siku pamoja na nyongeza ya kila tukio la hatari, ndiyo maana mhasibu alihitaji jina lililo sahihi hata kama bango halikulihitaji. Taarifa nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya filamu ya Margaret Herrick Library, Beverly Hills. Za studio ya Warner Bros. ziko University of Southern California. Usitafute kwa jina la babu peke yake. Omba jalada la filamu, na uangalie pia jina la muda, kwa kuwa filamu nyingi zilipigwa kwa jina moja zikatoka kwa lingine.

Kujua babu alihamia lini kwenye filamu, sensa ya Marekani ya mwaka 1940 ni hazina: inauliza kazi, wiki alizofanya kazi mwaka 1939, na alikoishi mwaka 1935. Ombi la namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), lililoanza kujazwa mwishoni mwa 1936, lina nafasi ya jina la mwajiri. Mimi ningeanza na hilo, kwa sababu alilijaza mwenyewe au lilijazwa mbele yake.

Mwisho, vitu vya nyumbani. Kadi za picha za rodeo mara nyingi zina maandishi meupe chini: mpandaji, farasi, mji. Zipitishe kwenye skana pande zote mbili kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na ukiandika nyuma tumia penseli laini, si kalamu ya wino. Vipande vya magazeti visigusane na picha, kwani asidi yake huacha doa la kahawia. Mkanda wa filamu unaonuka siki umeanza kuoza. Uweke penye baridi na ukavu, mbali na mingine. Ule wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 unaweza kuwa wa naitreti, aina ya plastiki ya zamani inayoshika moto kwa urahisi mno: usiuonyeshe kwa projekta, wasiliana na hifadhi ya filamu kwanza.