Kukosa pumzi wakati wa tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) si uchovu tu

Wagonjwa wa saratani wanaofika kwetu sisi madaktari wa moyo wakiwa wamechelewa, mara nyingi walidhani wamechoshwa na dawa. Ni kweli tibakemikali huchosha, na upungufu wa damu nao humfanya mtu aheme. Lakini ukikosa pumzi ukilala chali mpaka uongeze mito, miguu ikivimba, au uzito ukipanda kilo 2 au 3 ndani ya siku chache, huenda moyo umeanza kushindwa kusukuma damu. Mwone daktari siku hiyohiyo. Usisubiri dozi ijayo.

Dawa inayojulikana zaidi kwa madhara haya ni doksorubisini, ile ya rangi nyekundu, inayotibu saratani za matiti, damu na tezi za limfu. Huharibu chembe za misuli ya moyo, na chembe hizo zikifa hazioti upya kwa kiasi cha kutosha kuziba pengo. Tena madhara yake hujumlishana maisha yote, ndiyo maana madaktari huepuka kuvuka jumla ya miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Kwa hiyo nakusihi: omba nakala ya dozi zote ulizopewa, uitunze. Saratani ikirudi baada ya miaka, daktari mpya ataihitaji.

Trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani, nayo inaweza kudhoofisha moyo, ingawa nguvu hurudi kwa wengi dawa ikisimamishwa. Ukiitumia, kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hurudiwa takriban kila miezi 3. Fluorourasili, nayo dawa ya saratani, ni tofauti: inaweza kubana mishipa ya moyo ghafla, hata katika mzunguko wa kwanza wa tiba. Kifua kikiuma dripu ikiendelea, mwite muuguzi papo hapo.

Kabla ya kuanza tiba, pimwa presha, umeme wa moyo na eko, tupate cha kulinganisha baadaye. Uwezo wa moyo kusukuma damu, yaani asilimia ya damu iliyomo ndani ya moyo inayotolewa kwa kila pigo, ukishuka kwa zaidi ya pointi 10 hadi chini ya asilimia 50, huwa tunaanza dawa za moyo kama enalapril na carvedilol. Tukiwahi, moyo wa mgonjwa una nafasi nzuri ya kupata nafuu, na mara nyingi tiba ya saratani huendelea. Usiiache mwenyewe kwa hofu.

Waliotibiwa utotoni wasijisahau: udhaifu wa moyo unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, hasa wakati wa ujauzito. Mwanamke wa namna hiyo apimwe eko kabla ya kubeba mimba.