Fikra mgando si "dhana potofu", na The Breakfast Club haikuzivunja

The Breakfast Club ya John Hughes (1985) ni filamu ya Kimarekani kuhusu wanafunzi watano wa sekondari wanaoadhibiwa kukaa maktabani Jumamosi nzima: Claire sista duu wa kitajiri, Andrew mwanamieleka, Brian kipanga wa masomo, Bender mhuni na Allison msichana wa ajabu. Kila inapotajwa, hakosi mtu wa kuandika kwamba filamu ile "ilivunja dhana potofu kuhusu vijana". Nimeikuta tena sentensi hiyo wiki hii, na safari hii siipiti kimya. Ina makosa mawili: moja liko kwenye neno ("dhana potofu" kama tafsiri ya stereotype, ambayo mimi naiita fikra mgando), la pili liko kwenye filamu, na la kwanza ndilo linalolizaa la pili.

Neno kwanza. Wachapaji wa zamani walikuwa na bamba la chuma lililomiminwa kutoka kwenye herufi zilizokwisha kupangwa, ili ukurasa uleule upigwe chapa mara nyingi bila kupanga upya. Mwaka 1922 mwandishi wa habari wa Marekani Walter Lippmann alilichukua jina la bamba hilo, stereotype, kuelezea picha tulizonazo kichwani kabla hata hatujakutana na mtu. Sifa ya bamba ni kuganda na kurudiwa. Uongo haumo. Ukisema "dhana potofu" umeshahukumu kabla ya kusikiliza kesi, na kazi yako inabaki kusaka uongo. Ukigundua kwamba Brian kweli ni kipanga na Andrew kweli anapigana mieleka, unatangaza kwamba hapa hakuna tatizo. Mtafiti Tessa Perkins alishaonya mwaka 1979 kwamba fikra mgando huwa na nguvu kwa sababu mara nyingi zina chembe ya ukweli, kwamba zinaweza kuwa za kusifu, na kwamba hata wenye nafasi wana zao. Sista duu wa kitajiri amemiminwa kwenye bamba sawasawa na mhuni.

Sasa filamu. Zima sauti kuanzia magari yanapofika shuleni hadi wote watano wanapoketi maktabani. Chukua karatasi, chora safu tano, na jaza kila mmoja amefikaje, amevaa nini, ameketi wapi. Claire analetwa na BMW. Bender anakuja kwa miguu. Gari lililomleta Allison linaondoka bila kumuaga. Claire na Andrew wanakaa meza ya mbele, Brian nyuma yao mpaka Bender anamhamisha, Allison kona ya mwisho kabisa. Kisha ruka hadi chakula cha mchana: Claire ana sushi, Andrew ana rundo la sandwichi, Brian ana mlo uliopangwa na mama, Allison anamwaga sukari na nafaka za kifungua kinywa kwenye mkate, Bender hana kitu. Karatasi imejaa, na hujasikia hata sentensi moja. Wengi huchambua mazungumzo peke yake, wakati kazi kubwa imeshafanywa na maleba, viti na mpangilio wa shoti.

Hapo ndipo watetezi wa filamu husema: lakini baadaye tunawaelewa! Ni kweli, tunawaelewa. Bender ana kovu la kuchomwa na sigara nene (cigar) ya baba yake. Andrew anasukumwa na baba anayetaka mshindi. Wazazi wa Brian wanadai alama, wa Claire wanamtumia kuumizana wao kwa wao, wa Allison hawamwoni. Sasa tazama kilichofanyika: kila bamba limepewa sababu. Kumpa mhuni baba katili hakumtoi kwenye uhuni. Kunaeleza kwa nini yumo, na mtazamaji anaondoka na imani kwamba nyuma ya kila mhuni kuna baba wa aina hiyo. Bamba limezidi kukazwa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu waandishi wa skripti wanaoanza wanalinakili wakidhani ndiyo dawa: wanachukua mhusika wa kawaida, wanamwongezea machozi, wanasema amekuwa na kina.

Swali linalofaa ni lingine: nani anapewa mlango wa kutokea, na kwa bei gani? Allison anatoka kwa kufutwa wanja mweusi, kufungwa nywele na kuvalishwa nguo nyepesi. Andrew anamwona pale tu anapoanza kufanana na Claire. Bender anamsumbua Claire siku nzima, pamoja na kile kitendo cha kumchungulia chini ya sketi akiwa amejificha chini ya meza, na mwisho anapata busu. Molly Ringwald, aliyemwigiza Claire, aliandika mwaka 2018 katika The New Yorker kuhusu wasiwasi alionao leo juu ya mambo hayo. Na Brian? Ndiye aliyekutwa na bunduki ya fataki kwenye kabati lake baada ya kufeli somo la ufundi, ndiye aliyebeba jambo zito kuliko wote. Wenzake wanapata wapenzi. Yeye anapewa insha ya kuwaandikia wote. Kipanga ameachwa kwenye ukipanga wake, na insha hiyohiyo ndiyo watu wanayoinukuu kama ushahidi wa ukombozi. Isome vizuri: mwanzoni majina ni matano, na mwishoni kila mmoja anaambiwa kuwa ana yote matano. La sita halipo.

Kuna sehemu moja inayonifanya nisite. Brian anapouliza itakuwaje Jumatatu, Claire anakiri waziwazi kwamba hawatakuwa marafiki. Huenda Hughes alijua kabisa mabamba yapo palepale, na sisi ndio tuliotaka kuamini vingine. Karatasi yenye safu tano haiwezi kuamua hilo. Wala haiwezi kuthibitisha kijana aliyekaa mbele ya skrini anaamini nini anapotoka. Inaonyesha kilichowekwa mezani tu.

Linganisha na Mean Girls (2004), filamu nyingine ya Kimarekani kuhusu makundi ya wanafunzi wa sekondari. Mwalimu anaambiwa kuna mwanafunzi mpya kutoka Afrika, anamgeukia msichana mweusi kumkaribisha, naye anajibu kwamba anatoka Michigan. Sekunde chache, hakuna baba katili, na bamba limeonekana pale linapokaa: kichwani mwa anayetazama. Lakini filamu hiyohiyo, ikichora ramani ya meza za chakula, inawapa wasichana weusi jina la kundi lenye mzaha na kuwaacha hapo. Msichana wa Michigan naye hapewi hadithi.