Oscar Wilde: ulimi uliomjenga, ulimi uliomponza

Watu wengi wanamjua Oscar Wilde kwa nukuu kabla hawajasoma hata ukurasa mmoja wa tamthilia zake, na nyingi kati ya nukuu hizo si zake. Ile inayotuhimiza kila mtu awe yeye mwenyewe kwa kuwa watu wengine wote wameshachukuliwa haimo katika maandishi yake. Ile ya forodha ya New York, kwamba mwaka 1882 aliwaambia maofisa hana cha kutangaza ila kipaji chake, haionekani kwenye magazeti ya siku zile, ingawa waandishi wa habari walikuwa wakimwinda ili wapate neno lolote la kuchapisha. Ilikuja kuandikwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Mimi nafundisha tamthilia, na jambo hili linanigusa kikazi. Kauli ya Wilde ikishang'olewa kutoka kinywani mwa mhusika, hugeuka usemi wa kubandika ukutani. Lakini Wilde hakuwa mtunga semi. Aliandika watu wenye kitu cha kuficha, na maneno yao matamu ndiyo maficho. Ukilishika hilo, utaona kwa nini anachekesha mpaka leo, na utaona pia jinsi ulimi uleule ulivyomwangusha mahakamani Aprili 1895.

Alizaliwa Dublin tarehe 16 Oktoba 1854, katika nyumba iliyoishi kwa maneno. Baba yake, William Wilde, alikuwa daktari bingwa wa macho na masikio, na pembeni ya udaktari alikusanya ngano na imani za wakulima wa Ireland. Mama yake, Jane, aliandika mashairi ya ukombozi katika gazeti la The Nation kwa jina la Speranza. Mwaka 1848, nchi ikiwa katika njaa kuu, aliandika makala ya kuwataka Wairishi washike silaha. Mhariri aliposhtakiwa, inasimuliwa kwamba Jane aliinuka katikati ya wasikilizaji mahakamani akasema mwandishi ni yeye. Hakuguswa. Mwaka 1864 zamu ikawa yake: alishtakiwa kwa kumkashifu mwanamke mmoja aliyewahi kutibiwa na mumewe. Alishindwa, ila fidia aliyoamriwa kulipa ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni. Kilichouma ni gharama za kesi.

Oscar alikuwa na miaka 10 wakati huo. Simwekei mtoto mawazo kichwani, ila sioni namna ya kumwelewa mtu mzima aliyekuja kuwa bila kuukumbuka mwaka huo. Kwao, mahakamani mtu aliingia na maneno yake na akatoka kichwa kikiwa juu.

Masomo hayakumsumbua. Trinity College ya Dublin ilimpa medali ya dhahabu ya Kigiriki, na Oxford ikampa daraja la kwanza na tuzo ya ushairi mwaka 1878. Kisha akahamia London, akajulikana kwa mavazi na mazungumzo kabla ya kujulikana kwa vitabu. Mwaka 1882 alizunguka Marekani na Kanada karibu mwaka mzima akihutubia watu kuhusu uzuri: nyumba zipambwe vipi, watu wavae nini. Huko Leadville, Colorado, alishushwa kwa ndoo hadi ndani ya mgodi wa fedha akala na wachimbaji chini ya ardhi. Katika baa ya mji huo alikuta kibao kikiwaomba wateja wasimpige risasi mpiga piano kwa kuwa anajitahidi awezavyo. Baadaye alisema huo ndio uhakiki wa sanaa pekee wenye mantiki aliowahi kukutana nao. Mnaona mbinu? Hakutunga kitu. Alikiokota kibao cha walevi akakipachika cheo cha uhakiki.

Mbinu yake jukwaani ni hiyohiyo, ila imechongwa zaidi. Sentensi huanza pale ambapo mstaarabu yeyote wa London angeanzia, inakwenda kwa mwendo uleule uliozoeleka, halafu neno moja karibu na mwisho linabadilishwa. Katika "The Importance of Being Earnest", Lady Bracknell anaeleza kwamba ametoka kumtembelea rafiki aliyefiwa na mume, na kwamba tangu msiba mwanamke huyo anaonekana mdogo kwa miaka 20. Algernon anajibu kwamba amesikia nywele za mama huyo zimegeuka rangi ya dhahabu kwa majonzi. Kila mtu ukumbini alikuwa akingojea mvi. Neno moja tu limebadilishwa, na tayari tumejua habari ya mjane, ya marehemu, na ya tabaka zima linalojua kuvaa msiba bila kuwa nao.

Onyesho ninalolirudia zaidi darasani ni mahojiano ya posa katika tendo la kwanza. Jack Worthing anamtaka Gwendolen. Mama mtu, huyohuyo Lady Bracknell, anaketi na daftari na penseli. Anauliza kama anavuta sigara. Jack anakiri kwa aibu kwamba anavuta. Bibi anafurahi: mwanamume lazima awe na shughuli fulani. Anauliza umri, Jack anajibu 29. Anauliza kama anajua kila kitu au hajui chochote. Jack anasita, kisha anasema hajui chochote. Bibi anafurahi zaidi. Zinafuata pesa, nyumba, siasa, na jibu la pesa linaandikwa daftarini. Ndipo anapouliza kuhusu wazazi, na Jack anasema amewapoteza wote wawili. Jibu lake ni maarufu: kumpoteza mzazi mmoja ni bahati mbaya, kuwapoteza wote wawili kunaonekana kama uzembe.

Wanafunzi huicheka kauli hiyo peke yake, nami huwazuia wasiishie hapo, kwa sababu nguvu yake iko kwenye kinachofuata. Jack analazimika kueleza kwamba aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya mkoba, katika chumba cha kutunzia mizigo cha stesheni ya Victoria. Anaongeza kwa unyenyekevu kwamba ni upande wa treni za kwenda Brighton. Anajibiwa kwamba upande wa treni hauna umuhimu wowote. Hebu fikiria mtu anayetoa siri chungu kuliko zote maishani mwake, na kwa kuwa hana ukoo wa kutaja, anataja njia ya reli. Mwigizaji wa Lady Bracknell asitabasamu hata mara moja. Yeye hafanyi mzaha. Anafanya hesabu, na mkoba haumo katika hesabu zake.

Wilde alijua kujieleza kwa watu wenye daftari na penseli. Alikuwa Mwairishi katika mji uliotawala nchi yake, na alikuwa mume wa Constance na baba wa watoto wawili aliyependa wanaume, na sheria ya Uingereza ya 1885 ilifanya kila tendo la kimapenzi kati ya wanaume kuwa kosa la jinai. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo baadaye kiliwekwa katika kanuni za adhabu za nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Kenya na Tanganyika zikiwemo. Kwa hiyo Jack mwenye jina moja mjini na jingine shamba hakuanzia kwenye kalamu.

Tamthilia hiyo ilifunguliwa tarehe 14 Februari 1895 katika St James's Theatre, usiku wa theluji. Ilipoandikwa ilikuwa na matendo manne, na mkuu wa ukumbi, George Alexander, ndiye aliyetaka yawe matatu. Katika kupunguza, kipande kimoja kilitupwa: wakili anakuja kumkamata Algernon kwa deni la hoteli ili ampeleke gereza la Holloway. Wiki chache baadaye Wilde mwenyewe alikuwa mahabusu Holloway.

Siku nne baada ya ufunguzi, Marquess wa Queensberry alimwachia kadi kwenye klabu yake, ikimtuhumu kwa maandishi yenye makosa ya tahajia kwamba anajifanya shoga. Queensberry alikuwa baba wa Lord Alfred Douglas, kipenzi cha Wilde. Marafiki walimsihi Wilde aichane kadi na kwenda Ufaransa. Yeye akamshtaki Queensberry kwa kumkashifu.

Wakili wa upande wa pili alikuwa Edward Carson, mtu wa Dublin aliyesoma Trinity wakati mmoja naye. Hapa ndipo natamani kila anayependa nukuu za Wilde asome yaliyosemwa mahakamani siku ile. Carson alianza na umri. Wilde alikuwa amesema ana miaka 39. Carson akamtajia tarehe yake ya kuzaliwa: 40. Ni jambo dogo, lakini kabla ya saa kupita jopo la raia waliokuwa wakiamua kesi lilikuwa limeshamwona shahidi aliyepunguza mwaka chini ya kiapo.

Kisha Wilde akaanza kung'ara. Aliulizwa kama hadithi fulani iliyochapishwa katika jarida la wanafunzi wa Oxford haikuwa chafu. Akajibu kwamba ilikuwa na ubaya mkubwa zaidi: iliandikwa vibaya. Akaulizwa kama shampeni yenye barafu ni kinywaji akipendacho. Ndiyo, akasema, kinyume kabisa na amri ya daktari wake. Carson akamwambia aachane na amri za daktari. Akajibu kwamba huwa anaachana nazo kila siku. Watu wakacheka, kama walivyokuwa wakicheka St James's Theatre usiku huohuo.

Lakini jukwaani anayeandika majibu ndiye anayeandika maswali. Old Bailey, mahakamani, maswali yalikuwa ya Carson, naye hakuwa na haja ya kuchekesha. Aliendelea kutaja majina ya vijana, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti isiyobadilika. Alipofika kwa kijana mmoja aliyekuwa mtumishi wa nyumba huko Oxford, akauliza kama Wilde aliwahi kumbusu. Wilde akajibu la hasha, kijana yule hakuwa na sura nzuri.

Lilikuwa jibu la kitamthilia kabisa, sentensi iliyoanza kwenye njia ya kawaida na kupinduliwa mwishoni, ila safari hii maficho yalikuwa ni yake mwenyewe na aliyafunua kwa mkono wake. Carson akauliza kama hiyo ndiyo sababu ya kutombusu. Akauliza tena, na tena: kwa nini umetaja sura? Wilde alianza jibu akaliacha, akaanza jingine akaliacha. Mwishowe akasema kwamba Carson anamchokoza na kumdhalilisha, na kwamba wakati mwingine mtu husema kwa wepesi jambo ambalo alipaswa kulisema kwa uzito. Kwangu mimi, hakuna sentensi ya kweli zaidi aliyowahi kuisema kuhusu kazi yake.

Kesi aliifuta tarehe 5 Aprili, na jioni yake akakamatwa Cadogan Hotel. Alexander aliendelea kuonyesha tamthilia kwa muda, huku jina la mtunzi likiwa limeondolewa kwenye mabango. Sasa aliyeshtakiwa alikuwa Wilde, na jopo la kwanza lilishindwa kuafikiana. Katika kesi hiyo Wilde aliulizwa kuhusu mapenzi yasiyothubutu kutaja jina lake, naye akajibu kwa utulivu, bila mzaha hata chembe, mpaka sehemu ya wasikilizaji wakapiga makofi. Jopo la pili lilimtia hatiani tarehe 25 Mei, akapewa miaka miwili na kazi ngumu. Mama yake alikufa wakati Wilde yuko gerezani.

Alitoka tarehe 19 Mei 1897. Siku tisa baadaye gazeti la Daily Chronicle likachapisha barua yake, na hiyo ndiyo maandishi ninayowapa wanafunzi mara tu wanapomaliza kucheka na Lady Bracknell. Askari mmoja wa gereza la Reading alikuwa amefukuzwa kazi kwa kumpa biskuti mtoto mfungwa aliyelia kwa njaa. Wilde anaeleza chakula cha mtoto huyo kwa siku: saa moja na nusu asubuhi kipande cha mkate na maji, mchana uji mzito wa unga wa mahindi wenye chembe nene, jioni mkate mkavu na maji tena. Anaeleza jinsi chakula hicho kinavyomharisha hata mtu mzima mwenye nguvu, na jinsi mtoto ambaye tayari tumbo limevurugika kwa kilio na hofu asivyoweza kukila. Hakuna neno lililopinduliwa. Sentensi zinakwenda mpaka mwisho wake bila kugeuka.

Machi 1898, Bunge likijadili muswada wa magereza, aliandika tena, akitia sahihi kama mtunzi wa utenzi wa gereza la Reading. Anataja adhabu tatu za kudumu zilizohalalishwa na sheria: njaa, kukosa usingizi na maradhi. Anadai vitabu vizuri, na anapinga mfungwa kuonana na ndugu mara 4 tu kwa mwaka, dakika 20 kila mara.

Komedi hakuandika tena. Wazo la tamthilia mpya aliliuza kwa watu zaidi ya mmoja ili apate fedha za kuishi. Frank Harris ndiye aliyeliandika, likachezwa London Oktoba 1900, wiki chache kabla Wilde hajafa katika Hôtel d'Alsace, Paris, tarehe 30 Novemba, akiwa na miaka 46. Kwa kikundi chochote kinachotaka kumjaribu, ushauri wangu ni kuanza na yale mahojiano ya posa, watu wawili, kwa sauti, na kusoma barua ya Mei 1897 siku hiyohiyo, kwa sauti ileile.