Apokrifa si jina la vitabu saba

Miezi michache iliyopita nilikuwa msibani Kilimanjaro, ambako si ajabu kukuta watoto wa tumbo moja wakisali wengine kwa Wakatoliki na wengine kwa Walutheri. Somo la kwanza la misa ya mazishi lilitoka katika kitabu cha Hekima ya Sulemani, sura ya 3, pale panaposemwa kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu, Mlutheri wa siku nyingi, alifungua Biblia yake ya Union, akapekua kuanzia Wimbo Ulio Bora, akajikuta yuko Isaya, akarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayetafuta noti aliyoisahau kitabuni, kisha akaifunga na kumnong'oneza mjukuu wake, "Hicho ni apokrifa." Mjukuu akauliza, kwa sauti iliyosikika nusu ya turubai, "Babu, apokrifa ni nini?" "Ni vitabu vilivyofichwa." "Vilifichwa na nani?" Mzee hakujibu, kwa kuwa wimbo wa katikati ulikuwa umeanza.

Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na upande wa pili nimewasikia Wakatoliki wakilipokea kama tusi, hata nimeona heri kuandika. Maana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Kanoni ni orodha ya vitabu ambavyo jumuiya fulani ya waamini inavikubali kuwa Maandiko Matakatifu. Deuterokanoni ni vitabu vya Agano la Kale vilivyomo katika kanoni ya Wakatoliki lakini havimo katika Biblia ya Kiebrania wala ya Waprotestanti: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na sehemu kadhaa za Esta na Danieli. Apokrifa ni maandiko ya kidini ambayo msemaji anayaweka nje ya kanoni. Msomaji alitazame vizuri neno "msemaji", kwa sababu ugomvi wote umekaa hapo.

Tuanze na kanoni, kwa kuwa sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo faida ambayo wengi hawana: neno hilo lilitufikia mara mbili. Asili yake ni mwanzi. Katika Kiebrania mwanzi ni qaneh, na nabii Ezekieli, katika sura ya 40, anamwona mtu akiwa na mwanzi wa kupimia hekalu. Wagiriki waliita kanon ule ufito mnyoofu ambao mafundi waliutumia kukagua kama kazi imenyooka, yaani kazi ambayo fundi wetu huifanya kwa rula na timazi. Waarabu wakalipokea kutoka kwa Wagiriki, likawa qanun, na kwa njia hiyo likafika pwani yetu likiwa kanuni. (Hata kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani katika taarabu ya Unguja, kanuni au ganuni kama wengine wanavyokiita, kinabeba jina hilohilo.) Mtume Paulo anapowaandikia Wagalatia, sura ya 6, kuhusu wale watakaoenenda kwa kanuni hiyo, neno alilotumia katika Kigiriki ni kanon. Karne nyingi baadaye wamisionari na vitabu vya teolojia walilileta tena kwa njia ya Ulaya, safari hii likiwa kanoni. Ni ndugu wawili waliokutana ugenini bila kutambuana.

Ndugu hao wamegawana kazi. Kanuni hupima, kanoni, tunapozungumzia Biblia, ni orodha ya vitabu vilivyokwisha kupimwa. Katika Kigiriki cha Kanisa maana zote mbili zilibebwa na neno moja, na mchanganyiko huo ndio uliozaa kosa moja kubwa ninalolisikia hata kwa watu waliosoma, kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa kwa kura katika Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325. Mtaguso ule ulitoa kanoni 20, ni kweli, lakini zilikuwa kanoni kwa maana ya kanuni. Moja inawakataza makleri, yaani mapadre na watumishi wengine wa Kanisa, kukopesha kwa riba, nyingine inakataza kupiga magoti siku ya Jumapili, nyingine zinahusu uwekaji wa maaskofu na namna ya kuwapokea walioikana imani. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu. Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, anadokeza katika dibaji yake ya Yudithi kwamba mtaguso huo ulikihesabu kitabu hicho miongoni mwa Maandiko, na dokezo hilo limewasumbua wanahistoria, lakini orodha ya Nikea haipo. Mtu akisikia "kanoni za Nikea" na kudhani ni Biblia, amepotezwa na herufi moja tu.

Sasa apokrifa. Kigiriki chake, apokryphos, maana yake ni kilichofichwa au kilichositirika, na katika Agano Jipya lenyewe si neno baya: Wakolosai 2:3 inalitumia kwa hazina za hekima na maarifa zilizositirika ndani ya Kristo. Kuna hata wakati ambapo kufichwa kulikuwa heshima. Kitabu kinachoitwa Ezra wa Nne kinasimulia jinsi Ezra alivyowaimlia waandishi watano kwa siku 40, vikatoka vitabu 94. Vitabu 24 aliambiwa avitangaze ili wanaostahili na wasiostahili wavisome, na 70 avitunze kwa ajili ya wenye hekima peke yao. Kwa mwandishi yule, kilichofichwa ndicho chenye kina zaidi. Lakini vikundi vingi vilipoanza kudai kwamba navyo vina vitabu vya siri walivyorithi kutoka kwa mitume, maaskofu walichoka, na neno likageuka. Irenei wa Lyon, mwishoni mwa karne ya pili, analitaja sambamba na maandiko ya kughushi.

Waraka ambao ningetamani kila anayetumia neno hili ausome ni barua ya Pasaka ya 39 ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Barua hiyo ni maarufu kwa kuwa inataja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyo navyo, bila kupunguza wala kuzidisha. Watu wengi huishia hapo. Wakiendelea kidogo watakuta kwamba Athanasi hana mafungu mawili bali matatu. La kwanza ni vitabu vya kanoni. La pili ni vitabu visivyo vya kanoni lakini vilivyowekwa na mababa visomwe na wanaojiandaa kuingia katika imani: Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira, Yudithi, Tobiti, Mchungaji wa Herma, Mafundisho ya Mitume na, msishangae, Esta. Baruku, kwa upande wake, anamtaja katika fungu la kwanza pamoja na Yeremia. La tatu ndilo analoliita apokrifa, na kwake hayo ni matungo ya wazushi, yaliyobandikwa majina ya kale ili yawadanganye watu wa kawaida. Kwa hiyo mtu anayekiita Tobiti apokrifa huku akimtaja Athanasi kuwa shahidi wake, anamlisha askofu yule maneno aliyojitahidi kuyaepuka.

Aliyebana mafungu matatu yakawa mawili ni Jerome. Katika dibaji yake ya vitabu vya Samweli na Wafalme anahesabu vitabu vya Kiebrania, kisha anasema kwamba kisichokuwamo humo kiwekwe katika apokrifa, akitaja Hekima, Bin Sira, Yudithi na Tobiti. Hakuvipenda: kitabu cha Tobiti anasema alikitafsiri kwa siku moja, na Yudithi kwa kazi ya usiku mfupi. Hata hivyo, katika dibaji ya vitabu vya Sulemani anakiri kwamba Kanisa huvisoma kwa kuwajenga watu, ingawa si kwa kuthibitisha mafundisho ya imani. Augustino, aliyekuwa askofu Afrika ya Kaskazini wakati huohuo, hakukubaliana naye. Orodha yake ya Agano la Kale ina vitabu 44, hivi vikiwamo, na mikutano ya maaskofu ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 ilifuata mkondo huo. Ugomvi wetu wa leo, kwa sehemu kubwa, ni wa watu wawili wa karne ya nne na ya tano waliokuwa wakiandikiana barua, tena wote wawili wanaitwa watakatifu na Kanisa moja.

Hapo ndipo kauli mbili ninazozisikia kwa wingi zinapoanguka pamoja. Ya kwanza ni kwamba Wakatoliki waliviongeza vitabu hivi katika Mtaguso wa Trento. Tamko la Trento la tarehe 8 Aprili 1546 lilifunga mjadala kwa kauli ya mwisho, lakini vitabu vyenyewe vilikuwa katika orodha ya Karthago karibu miaka 1,150 kabla yake, na katika ile ya Mtaguso wa Florence mwaka 1442. Ya pili ni kwamba Luther alivitoa. Biblia yake ya mwaka 1534 inavyo. Alivihamisha akaviweka pamoja baada ya Agano la Kale, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu, ila vinafaa na ni vizuri kusomwa. Sababu alikuwa nayo: katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519 mpinzani wake, Johann Eck, alimletea 2 Wamakabayo sura ya 12, panapoelezwa kuwaombea marehemu, kuwa ushahidi wa toharani, yaani hali ya kutakaswa roho baada ya kifo, naye akajibu kwamba kitabu kisichomo katika kanoni hakiwezi kutumika kuthibitisha fundisho. Ni hoja ya Jerome iliyorudi baada ya miaka elfu moja na zaidi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ilitoka ikiwa na vitabu hivi. Kilichoviondoa mikononi mwa Waprotestanti wengi ni jambo lisilo na fahari yoyote: mwaka 1826, baada ya mabishano makali yaliyochochewa zaidi na Waskoti, Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje kiliamua kwamba fedha zake zisitumike kuvichapa. Vyama vya Biblia ndivyo vilivyozieneza Biblia za lugha nyingi za Afrika. Kwa hiyo, mzee wetu asipokiona kitabu cha Hekima, asitafute aliyechana kurasa; azitazame pia daftari za mahesabu za London.

Neno deuterokanoni lilikuja katikati ya joto la mabishano yale ya karne ya 16. Sixtus wa Siena, mtawa Mdominiko aliyezaliwa katika dini ya Kiyahudi, alilianzisha mwaka 1566, na deuteros ni "wa pili", kama ilivyo katika Deuteronomi, jina la Kigiriki la Kumbukumbu la Torati. Wapo wanaolisikia na kudhani kwamba Wakatoliki wenyewe wanakiri vitabu hivi ni vya daraja la pili. Sivyo, upili huo ni wa wakati, yaani vilikubaliwa na wote kwa kuchelewa baada ya kubishaniwa. Ushahidi ni kwamba Sixtus aliingiza katika fungu hilohilo Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo, ambavyo hakuna Mprotestanti anayeviacha leo, ingawa Luther aliviweka mwishoni mwa Agano Jipya lake bila kuvipa namba.

Wala mafungu haya hayalingani hata kwa hesabu. Sala ya Manase na Ezra wa Nne vimo katika Apokrifa ya Biblia ile ya 1611, lakini Trento haikuvipokea, kwa hiyo vitabu hivyo ni apokrifa kwa Mkatoliki pia. Zaburi ya 151 inakubaliwa na Waorthodoksi. Na Henoko, ambaye vijana wengi sasa wanamsoma kwenye simu wakiamini aliondolewa na Vatikani, hakuwahi kuwamo katika orodha ya Augustino, ya Trento wala ya Luther. Anayo heshima yake: waraka wa Yuda, aya ya 14 na ya 15, unamnukuu, vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na kitabu kizima kimetunzwa katika Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, tu, kwa sababu Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia limekisoma katika Biblia yake ya vitabu 81 mchana kweupe kwa karne nyingi. Kumwita Henoko kitabu kilichofichwa mbele ya Mwethiopia ni sawa na kumwambia mtu kwamba sufuria iliyo mekoni kwake imepotea.

Baada ya maziko, tukiwa tunasubiri chakula, mjukuu alikuwa ameazima Biblia ya aliyesoma somo lile na kuipata ile sura ya 3, na babu yake aliinamisha kichwa kusikiliza. Hakuna aliyekificha kitabu kile; kilikuwa wazi pale mapajani mwa mtoto. Lakini kosa la mzee lilikuwa dogo, na lilikuwa katika neno si katika imani, maana Kanisa lake halikitumii kuthibitisha fundisho na ana haki ya kulisema hilo. Angeweza kumwambia tu, "Hiki hakimo katika kanoni yetu sisi Walutheri, kimo katika ya wenzetu," na asingekuwa amekosea hata neno moja.